Mgongo wa Mzee Usipuuzwe

Ni jambo la kusikitisha kwamba visiwani mwetu mzee akiamka miguu imekufa ganzi, aghalabu watu wa nyumba yake humtafuta kwanza aliyemroga. Hufuata mafuta ya karafuu, kombe na makafara, na siku hupita. Hatukusudii kuwakebehi wanaomwombea mgonjwa, kwani dua haina ubaya. Ubaya ni kupoteza saa.

Miongoni mwa sababu za kupooza huko ni saratani ya tezi dume, ambayo wengi huidhani ni maradhi ya mkojo tu. Saratani hii hupenda kuhamia mifupani, hasa katika pingili za mgongo. Uvimbe ukikua hapo, au pingili ikivunjika, uti wa mgongo hubanwa, nao ndio njia ya amri zitokazo kwenye ubongo kwenda miguuni na kwenye kibofu. Wako wanaume ambao hawakujua kuwa wana saratani mpaka miguu ilipowakatalia.

Lakini mwili hutoa ilani. Maumivu ya mgongo hutangulia kwa wiki, pengine miezi, nayo huweza kuzidi usiku mtu alalapo, tofauti na uchovu wa jembe ambao hupoa kwa kupumzika. Kisha miguu hulegea, na mwisho mkojo na choo huwa havizuiliki. Wafikishwao kwa daktari wangali wakitembea, wengi wao huendelea kutembea. Waliokwisha kupooza, wachache huinuka tena.

Tiba ipo: deksamethasoni, mionzi, upasuaji wa mgongo kwa wanaofaa, na kuzima homoni ya kiume, njia ambayo Charles Huggins aliionesha mwaka 1941 na kutunukiwa Nobel mwaka 1966. Upasuaji wa kuondoa korodani huishusha homoni hiyo kwa haraka, wala hauhitaji vifaa vya ajabu. Wazee huona haya kuusikia. Afadhali haya kuliko kitanda.

Kwa ndugu zetu wenye dhamana: mgonjwa huyu si wa kungojeshwa foleni ya rufaa. Kutoka Micheweni hadi mashine za mionzi za Ocean Road, Dar es Salaam, kuna bahari ya kuvuka. Hati yake iandikwe siku ile ile, na daktari aanze deksamethasoni kabla ya safari. Sheha naye atafute gari, abebwe amelala chali, mgongo umenyooka, si kupakiwa nyuma ya pikipiki.