Galaksi yetu: imepinda, imepindika au imepindwa?

JUZI hapa Shanzu, mwanafunzi mmoja wa ualimu alinisimamisha akiwa na daftari mkononi. Alikuwa ameandika: "Galaksi yetu imepindwa."

"Ni sawa, mwalimu?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Imepindwa na nani?"

Tuanze na jambo lenyewe. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina umbo la santuri: duara bapa lenye upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Ila ni santuri iliyosahaulika juani. Sehemu ya ndani imelala sawa, lakini huko nje ukingo wa upande mmoja umeinuka na wa upande wa pili umeshuka. Wanafalaki walilitambua hilo miaka ya 1950 kwa mawimbi ya redio yatokayo kwenye gesi ya haidrojeni. Mwaka 2019, kundi moja lilichora ramani kwa nyota 1,339 za aina ya Sefeidi, na jingine kwa nyota 2,431. Nyota hizi hung'aa na kufifia kwa mpigo maalumu unaofichua mwangaza wao halisi, na kwa hivyo umbali wao. Ramani zote mbili zilionyesha kupinda huko.

Sasa turudi kwenye daftari. Kauli ya kutendwa humdai mtenda hata asipotajwa. Ukisema dirisha "limevunjwa", watu watamtafuta mvunjaji. Ukisema "limevunjika", huenda ni upepo tu. Basi anayeandika "imepindwa" ameshatoa hukumu. Washukiwa wapo: galaksi ndogo ya Sagittarius, Mawingu ya Magellan, hata maada isiyoonekana inayoizingira galaksi yetu. Lakini kesi haijaamuliwa.

Je, "imepindika"? Haina kosa, ila kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano: waya unaopindika ni ule unaokubali kupindwa. "Imepotoka" nayo huleta harufu ya maadili, na galaksi haina dhambi.

Kwangu mimi "imepinda" yatosha. Yaeleza hali bila kumsingizia yeyote. Mwalimu mtarajiwa ana sababu ya kujali haya, kwa maana watoto hukariri sentensi yake pamoja na madai yaliyojificha ndani yake.

Kijana akacheka, akaifuta ile "w".

"Na wakimjua aliyeipinda je?"

"Hapo utairudisha."