Kiti Kitupu (3): Vidole Viwili vya Jakarta

Wiki iliyopita tuliwaacha wakazi wa vitongoji vya Washington wamepanga mstari asubuhi, wakisubiri lifti ya watu wasiowajua. Dereva huwabeba wawili bure ili watimie watatu, naye aruhusiwe kupita njia iliyotengwa. Wema haumo sana, kila mmoja anafuata lake. Huko Jakarta hesabu hiyohiyo ya watu watatu ilizaa biashara.

Kuanzia 1992, gari binafsi halikuruhusiwa kupita Sudirman, Thamrin na barabara nyingine kubwa za katikati ya mji saa za foleni bila kuwa na watu watatu au zaidi. Serikali ilitaraji majirani wachukuane. Wenye magari wakaona rahisi zaidi kukodi kichwa. Kando ya barabara, kabla tu ya kuingia eneo hilo, walisimama watu walioitwa joki. Aliyenyoosha kidole kimoja alikuwa peke yake. Mama aliyebeba mtoto alinyoosha viwili, maana kichanga naye alihesabiwa. Dereva asiye na mwenzake akiviona vidole viwili alijua hesabu imetimia. Akiwavusha, aliwalipa rupia kidogo na kuwashusha, wakatafute gari jingine. Kwetu mpigadebe hulipwa kwa kujaza viti vya basi. Hawa walilipwa kwa kuvikalia.

Mwishoni mwa Machi 2016, gavana Basuki Tjahaja Purnama akatangaza kuisimamisha sheria hiyo, na siku 7 baadaye ikasimama. Ilihofiwa kwamba vichanga vinaazimwa na kunyweshwa dawa ili visinzie. Tena wengi waliamini sheria ilishakufa siku nyingi: kama vichwa vinauzwa barabarani, imepunguza gari gani?

Wachumi watatu, Hanna, Kreindler na Olken, waliufuatilia mwendo wa magari kwa takwimu za Google Maps kabla na baada ya siku hiyo. Asubuhi, kilomita iliyokuwa ikichukua wastani wa dakika 2.1 ikafika 3.1. Jioni ilitoka 2.8 ikafika 5.3, mwendo ambao baiskeli inaushinda. La ajabu ni kwamba hata barabara ambazo hazikuwahi kuguswa na sheria hiyo zilizidi kuziba.

Naona maelezo yake si magumu. Kwa kila aliyemkodi joki, alikuwapo mwingine aliyechoshwa na usumbufu huo akapanda basi, akachukuana na mfanyakazi mwenzake, au akaahirisha safari. Joki walionekana kila siku pale kando ya barabara. Magari yaliyobaki nyumbani hakuna aliyeyahesabu.

Agosti mwaka huohuo ukaanza utaratibu wa namba: tarehe shufwa kwa namba shufwa, tarehe witiri kwa namba witiri. Hapo vidole havisaidii. Mwenye fedha, hata hivyo, anaweza kununua gari la pili lenye namba ya upande wa pili.

Juma lijalo tutakwenda Zurich, Uswisi, ambako ushirika wa kutumia gari moja kwa zamu ulianza 1948.