Kungoja Bila Kikomo: Kiendeshi cha Hifadhidata na Muunganisho Uliokwama

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo linalomkabili kila anayetunza orodha za wanafunzi au hesabu za ada kwa kompyuta: programu iliyouliza swali, isipate jibu wala taarifa ya kosa, ikabaki kungoja.

Kiendeshi ni ile sehemu ya programu inayopeleka maombi kwa hifadhidata na kupokea majibu, aghalabu kwa itifaki ya TCP. Muunganisho wa TCP usio na data ya kupitisha hautumi chochote. Basi umeme ukikatika ghafla upande wa seva, au kifaa cha njiani kikiusahau muunganisho, mteja hapati habari. Aliyekawia na aliyekufa hunyamaza sawasawa.

Ipo njia ya kupima uhai wa muunganisho, lakini kanuni ya RFC 1122 ya mwaka 1989 yataka iwe imezimwa mpaka programu iiwashe, na muda wake wa kawaida usipungue saa 2. Katika Linux, baada ya sekunde 7200 za ukimya hutumwa vipimo 9 kwa nafasi ya sekunde 75: jumla saa 2 na dakika 11 hivi. Hakuna karani awezaye kungoja hivyo.

Kwa hiyo yafaa kuweka vikomo vitatu: cha kuunganisha, cha kungoja jibu, na cha amri yenyewe, kinachosimamiwa na seva. Katika PostgreSQL hiki cha tatu huitwa statement_timeout, na kwa kawaida ni 0, yaani hakipo. Kiwe kifupi kuliko cha pili. La sivyo mteja ataondoka, na seva itaendelea kulishughulikia swali lisilo na mwenyewe, huku ikishikilia kufuli zake.

Jambo zito zaidi ni hili: kikomo kikipita, mteja hajui kama amri ilitekelezwa. Huenda malipo yaliandikwa, ila jibu likapotea njiani. Akirudia tu, malipo yataandikwa mara mbili. Dawa ni kuyapa malipo namba yake ya pekee, na kuiagiza hifadhidata isiipokee namba hiyo tena. Nao muunganisho ule ufungwe, usitumiwe tena, kwani jibu lililochelewa laweza kusomwa kuwa jibu la swali jingine.

Kwa kumalizia, tukumbuke kwamba kikomo kilichopita hutuambia jambo moja tu: hatujui. Programu njema huuliza kwanza, ndipo irudie.