Mguu wa nguzo ya chuma

Mama mwenye viatu vya kisigino kirefu anazama katika matope. Bwana mwenye buti, ingawa ni mzito kumpita, hazami. Nguzo ya chuma ni vivyo hivyo. Ikibeba tani 20 juu ya sentimeta za mraba 50, inakandamiza betoni kilo 400 kwa kila sentimeta ya mraba. Betoni ya kawaida itapondeka. Ndiyo sababu huwekewa bamba nene chini. Likiwa sentimeta 40 kwa 40, zinabaki kilo 12 na nusu tu. Buloni nazo huzuia nguzo isisogee wala isinyanyuliwe na upepo.

Viwanda vinavyotoa shaba kwa asidi, kama Shituru kule Likasi, vina adui mwingine: asidi iliyomwagika hula buloni chini ya matope, jicho lisione. Fagieni hapo. Ekru ikilegea, usiikaze mwenyewe. Mwite shefu, kwani buloni iliyoliwa hukatika ikikazwa.