Picha ya Bikira Maria Iliyoko Dresden

Hapo kale mafundi wa Ulaya waliochora picha za watakatifu walizoea kuchanganya rangi na kiini cha yai. Rangi ya namna hiyo hukauka upesi sana, hata fundi hapati nafasi ya kulainisha mahali nuru inapokutana na kivuli. Katika karne ya 15 mafundi wa Flanders waliustawisha ufundi mwingine: walisaga rangi pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yakaukavyo juani, bali huvuta hewa na kugeuka kidogo kidogo mpaka yawe magumu. Kwa hiyo fundi aliweza kuirudia kazi yake kwa brashi siku kadhaa, na shavu la mtoto likaonekana laini kama shavu la kweli. Mafundi wa Italia nao wakajifunza kazi hiyo.

Mmoja wao aliitwa Raphael. Mnamo mwaka 1512 Papa Julius II alimwagiza picha ya kuwekwa juu ya altare, katika kanisa la watawa wa Mtakatifu Sisto mjini Piacenza. Raphael akaichora kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Kimo chake ni kama sentimita 265. Katika picha hiyo mapazia yamefunguliwa, na Bikira Maria anakuja juu ya mawingu, miguu mitupu, amembeba Mtoto Yesu. Upande mmoja Mtakatifu Sisto ananyosha mkono kuelekea nje ya picha, waliko watu. Upande wa pili yupo Mtakatifu Barbara, ameinamisha macho. Chini kabisa malaika wawili wadogo wameegemea viwiko vyao. Mama na Mtoto hawacheki. Macho yao yamefumbuka sana, kana kwamba wanaiona taabu itakayokuja, na hata hivyo mama haachi kusonga mbele.

Mwaka 1754 watawa walimwuzia picha hiyo Augustus III, mtawala wa Saxony katika nchi ya Ujerumani. Ikapelekwa Dresden, na Piacenza ikabaki nakala tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili picha ilitolewa mjini ikafichwa. Mwezi wa Februari 1945 ndege ziliupiga mji wa Dresden kwa mabomu, na nyumba ya picha ikaharibika vibaya. Mwaka huo huo askari wa Urusi waliikuta mafichoni, wakaichukua mpaka Moscow. Mwaka 1955 watu wa Moscow walipewa ruhusa kuitazama, kisha ikarudishwa Dresden, nayo ipo huko hata leo.

Mafuta ya kitani yameishika rangi ile kwa miaka zaidi ya 500. Lakini mafuta hayazuii moto. Kama picha isingalitolewa mjini mapema, uso wa mama yule ungalijulikana kwa nakala tu.