Mabamba ya Zekreet Hayafichi Sura

Kila inaposambazwa picha ya mabamba manne ya chuma yaliyosimama jangwani Zekreet, magharibi mwa Qatar, swali huwa lilelile: hii ni sanamu ya nini? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba msanii wa dhahania huanza na sura halisi, halafu huificha ili wasomi wachache waifichue. Imani hiyo ni potofu, na ni wakati wa kuachana nayo. Vipimo vyenyewe vinaikanusha. Richard Serra, Mmarekani, alikamilisha kazi hiyo, East-West/West-East, mwaka 2014, katika mstari unaozidi kilomita moja. Mabamba mawili yana kimo cha mita 14.7; mengine mawili, mita 16.7. Anayesaka sura atauliza mita hizo mbili za tofauti zinaashiria nini. Haziashirii chochote. Ardhi pale hupanda na kushuka, ilhali vichwa vya mabamba yote viko usawa mmoja, sawa na vilele bapa vya vilima vya jasi pande zote mbili. Mwashi akivuta uzi juu ya kiwanja kilichodhaniwa tambarare, mteremko hujitokeza. Serra kafanya hivyo kwa jangwa zima. Maana imo katika nafasi baina ya bamba na bamba, na humfunukia anayetembea: bamba ulilolifunika kwa kidole ukiwa mbali hukuzidi kimo mara nane ukilifikia.

Wapo wanaosema basi chuma chochote kingetosha. Hapana: ongeza mita moja kwenye bamba moja tu, usawa wote umevurugika. Wengine hutaka kibao cha maelezo. Kibao humsimamisha mtu palepale anapotakiwa kutembea; chaweza kumtajia umbali, hakiwezi kumpitisha humo. Hata wafanyakazi wa New York waliolalamikia Tilted Arc, bamba la Serra la mita 36 na ushei lililokatiza uwanja wao hadi likaondolewa mwaka 1989, waliielewa kazi kuliko wasaka sura, maana walilalamikia njia yao kubadilishwa, na kubadilisha njia ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Uliye Doha, nenda asubuhi mapema au alasiri, kwa gari linalomudu mchanga, na maji ya kutosha. Anzia mwisho mmoja, tembea hadi wa pili, tazama vichwa na ardhi, urudi kwa miguu. Uliye mbali, chukua sanamu yoyote ya dhahania mjini kwako: izunguke, pita chini yake kama ina uwazi, na uhesabu hatua tangu ilipokutokea hadi uiguse.