Mkono Usiitangulie Fikira

Sifa ya mji wa Moshi kwa usafi ni ya miaka mingi. Mara kadhaa manispaa hiyo imeshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya usafi ya kitaifa, na wageni wanaofika huko hurudi makwao wakiyasimulia mambo waliyoyaona. Leo tungependa kuizungumzia sifa hiyo, si kwa kuipamba, bali kwa kuichungua ili tujue inatufunza nini.

Sheria ndogo na faini zake zimefanya kazi yake. Lakini mgambo hawezi kusimama ubavuni mwa kila raia. Kati ya mkono ulioshika ganda la ndizi na mkono unaoliachia, pana nukta ndogo ya fikira. Anayeitumia nukta hiyo hutafuta pipa. Asiyeitumia hutupa, wala si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu jana alitupa na juzi alitupa. Huo ndio utumwa wa mazoea, na mtumwa wake mara nyingi hajijui.

Tuitazame kata ya Majengo, mjini humo. Mvua inaponyesha, maji huteremka na kuzoa kila kilichoachwa mitaroni. Mito ya sehemu hizo za chini ya Kilimanjaro, kama vile Karanga na Rau, huelekea katika bonde la Pangani. Maji yake hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani huyafikisha Bahari ya Hindi, mkabala na Unguja na Pemba. Si kila taka humaliza safari hiyo, lakini njia iko wazi. Mkaazi wa Majengo na mvuvi wa Visiwani hawajuani, ila maji yanawajua wote wawili.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba tunawaonyesha kosa la bara tu. Mitaro ya Visiwani nayo huishia baharini, tena kwa safari fupi zaidi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Hata hivyo, wangapi kati yetu hutoka nyumbani na kikapu tunapokwenda sokoni? Bibi zetu hawakuhitaji amri ili wabebe kikapu cha ukindu. Sisi tuliuzoea mfuko wa bure, tukakisahau kikapu, na sasa twaona kukibeba ni taabu. Kumbe mazoea tunayoyaona kuwa ni desturi ya tangu na tangu ni ya juzi tu, na kilichoingia juzi chaweza kutoka kesho.

Kwa viongozi wa Serikali tuna neno pia. Tarehe 9 Desemba, 2015, sherehe za Uhuru zilifutwa na wananchi wakatakiwa kushika mafagio. Likafuata agizo la kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mwananchi akifagia Jumamosi kwa kuwa ameamriwa, kisha akatupa taka Jumatatu kwa kuwa haonwi, tutakuwa tumebadili ratiba, hatukubadili fikira. Vivyo hivyo ofisa anayesafisha mitaa kwa sababu mkubwa anakuja ziarani, naye ni mfungwa wa mazoea yale yale.

Tunayo historia ya kutuongoza. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya katika vijiji vyao. Vyoo vilichimbwa, na mazalio ya mbu yakafukiwa. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika mpango wake: mtu aliulizwa kwanza afikiri, ndipo akashika jembe.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kabla ya kutunga amri nyingine, viongozi wakae na wananchi mtaa kwa mtaa na kuuliza: jambo hili twalifanya kwa nini? Nani anaumia? Iko njia nyingine? Maswali hayo matatu yafundishwe shuleni, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Pia yaulizwe maofisini, ambako mambo mengi hufanywa kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa yakifanywa.

Hatusemi kwamba kila la zamani ni baya. Kikapu ni shahidi wetu. Tunasema kwamba la zamani na jipya yote yapimwe kwa akili. Kesho asubuhi, kabla mkono haujaachia ulichoshika, na tuupe ubongo nafasi ya kutangulia.